Boksi Mlangoni kwa Nyar Sondu

Nimestaafu mwaka huu, na tayari vijana walionirithi ofisini Kisumu wamenijia hapa nyumbani Nyakach kuniuliza kazi ile inafanywaje. Niliwapa chai, nikawaeleza nusunusu, wakaondoka wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Ndiyo maana naandika. Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa nilipata vichache, wala za mshahara, kwa kuwa hauna hadithi. Nitaandika juu ya vijana tuliowapeleka vitani. Na ninawaonya mapema kwamba nimekasirika. Nilikasirika miaka ile, na kustaafu hakukunipoza.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la mabati, karibu na reli, na joto lake la mchana lilitosha kuivisha mayai. Tulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandikisha vijana jeshini. Ya pili ilikuwa kupeleka habari kwa wazazi pale kijana alipoumia au alipokufa. Wakubwa waliziona kuwa kazi mbili mbalimbali. Sisi tuliozifanya tulijua ni moja, maana mama ni yule yule.

Siku yangu ya kwanza niliripoti nikiwa nimeng'arisha buti mpaka unaweza kujinyolea ndani yake. Sajini Mkuu Wafula, Mbukusu mwenye mabega mapana aliyekuwa amepigana Burma enzi za Mwingereza, alikuwa ameketi juu ya kreti akiziba pancha ya baiskeli. Hakuinua kichwa.

"Unajua kuendesha hii?"

"Najua, afande."

"Kwa matope ya Kano?"

Nikaangalia buti zangu.

"Basi hujui. Vua hiyo buti, ushike pampu."

Ndivyo nilivyofahamiana na chombo kikuu cha kazi yetu. Mzani wa kupimia uzito, utepe wa kupimia kifua na ubao wa kupimia urefu vyote vilikuwa vya serikali na vyote vilidanganya kidogo. Baiskeli ilikuwa ya Wafula mwenyewe, na ndiyo tuliyoiamini. Gari la jeshi tulikuwa nalo, lakini Wafula hakulitumia kamwe kupeleka habari. Alisema gari la jeshi likionekana barabara ya Ahero, kila mama mwenye kijana vitani anaanza kupiga mayowe kabla hujafika, na utakuwa umewaua vijana wa kijiji kizima kwa habari ya mmoja. Kwa hiyo gari liachwe barabarani, uende kwa baiskeli au kwa miguu. Usishike karatasi mkononi. Usiketi kabla hujasema. Mwite mama kwa jina analoitwa na majirani, kisha useme neno lenyewe, wazi, kwa lugha yake. Ukipewa maji, kunywa. Ukipewa matusi, yapokee vilevile, kwa sababu hakuna mwingine karibu wa kuyapokea.

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kule kaskazini vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vilikuwa vimeanza. Asubuhi za kuandikisha, uwanja ulijaa vijana kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Nandi. Walitoka kwenye mashamba ya Kano na matope yamewakauka miguuni, wengine walitoka Obunga walikokuwa wakibeba mizigo, wengine walikuwa watoto wa Wakikuyu wenye maduka mjini. Waliimba. Niwaambie ukweli, sijaona watu wenye furaha kama wale. Walifungua midomo tukawakagua meno, wakaruka, wakacheka kila mmoja alipogusa utepe baridi kifuani. Mtu yeyote anayesema vijana hawakuwa na moyo hakuwapo uwanjani.

Baada ya vipimo walikimbia, kutoka uwanjani hadi karibu na gati na kurudi. Kapteni wetu, ambaye vijana walimwita Pasi kwa sababu suruali yake haikuwahi kupata kunyanzi, aliwachukua waliofika kwanza. Wafula hakuangalia waliofika kwanza. Alisimama kwenye kona wanapogeukia.

Siku moja niliyosimama naye, kijana mmoja alianguka pale konani akashika kifundo cha mguu. Kundi likampita. Kisha kijana mrefu aliyekuwa mbele akageuka, akarudi nyuma, akamweka yule mwenzake begani, wakaja wote wawili mwisho kabisa huku uwanja mzima ukiwacheka. Huyo mrefu alikuwa Ochieng', mtoto wa mama mmoja mjane wa upande wa Ahero. Aliyebebwa alikuwa Njoroge, mtoto wa mwuza mahindi sokoni. Asubuhi ile ndiyo kwanza walionana.

"Hawa toa," alisema Pasi. "Wa mwisho hawafai."

"Afande," Wafula alimjibu, "huyo mrefu akiwa nyuma yangu vitani, mimi nalala usingizi. Andika wote wawili."

Pasi aliwaandika, kwa sababu alimwogopa Wafula, ingawa alimzidi cheo. Wakapanda garimoshi pamoja na wenzao, wakiimba, na mama zao wakakimbia kando ya mabehewa mpaka jukwaa likaisha.

Baada ya miezi walianza kurudi kwa likizo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapokea stesheni. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Walishuka wamekonda, midomo imepasuka, macho yako mbali. Hawakuimba. Nilikuwa nikiwapeleka kwenye kibanda cha chai nyuma ya stesheni, nawaagizia samaki na ugali, na nilijifunza kutouliza kitu mpaka mtu amalize kula. Wakishiba walisema wenyewe. Na hawakulalamikia risasi! Risasi walizitarajia. Walisema habari za maji ya kunywa yaliyofika yakinuka dizeli. Za barua walizoandika zisizofika. Za maofisa waliokaa chini ya turubai la pekee lenye kivuli. Mmoja aliniambia kilichomvunja ni kuwekwa kulinda kisima na kuamriwa asiruhusu mtu kuteka, na watoto wakaja na vibuyu, wakasimama tu wakimtazama. "Afande," aliniambia, "mimi nimekua nikichota maji ziwani bila kuuliza mtu. Sasa nanyima mtoto maji. Mimi ni askari ama ni nini?"

Halafu unaingia baa mjini, unamkuta mwalimu mstaafu au karani wa manispaa, tumbo limelala mezani, anasema hawa vijana ni laini, si kama watu wa Burma. Wafula alisikia maneno hayo mara moja. Akaweka glasi chini. "Mimi ni mtu wa Burma," alisema. "Tulilia. Tuliita mama zetu usiku kucha, na wazungu pia wakaita mama zao. Wewe uliita nani, na ulikuwa wapi?" Tangu siku hiyo baa ile walikuwa wakibadilisha mazungumzo tukiingia.

Kisha likaja la Ochieng'.

Habari ilifika ofisini kwamba msafara wa malori umeviziwa. Njoroge ameuawa na mwili haukupatikana. Ochieng' ametoroka. Pasi aliniamuru niende Ahero na polisi wawili wa jeshi, tukamtafute mtoro nyumbani kwa mama yake. Wafula alikuwa amestaafu miezi michache kabla na kwenda kukaa Obunga kushona viatu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwogopesha.

Mto Nyando ulikuwa umefurika. Gari tuliliacha lami, tukaingia kwenye maji mpaka magotini, buti zikining'inia shingoni. Mama yake Ochieng' majirani walimwita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kwa sababu ndiko alikotoka kuolewa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, avutaye sigara kama wanawake wa rika lake, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo. Alitutazama tukikaribia, akatema moto.

Nilimwita kwa jina lake nikiwa bado nimesimama. Nikamwambia kwa Kijaluo kwamba ofisi inasema kijana wake ametoroka vitani, na kwamba hawa wenzangu wametumwa kumtafuta.

"Mwanangu?" aliuliza. "Ametoroka kwenda wapi?"

"Ofisi haijui, Mama."

"Basi tafuteni. Ghalani tafuteni, kitandani tafuteni. Angalieni na ndani ya chungu, pengine nimempika."

Polisi walidunga ghala kwa fimbo za chuma, nafaka ikamwagika matopeni. Walifunua paa la jiko. Yeye alisimama katikati ya boma akiwaonyesha mahali walipopasahau. Tulipoondoka, majirani walikuwa wamejipanga kando ya ua wa minyaa, na hakuna aliyetusalimu. Kuanzia siku hiyo, kisimani wanawake walimpisha Nyar Sondu achote peke yake. Ndugu mdogo wa Ochieng' akaacha shule, maana wenzake walimwita kwa jina moja tu: mtoro.

Mtu asiye wa kwetu ataona hilo ni dogo, kijana hayupo na jina lake ni maneno tu. Kwetu aliyekufa lazima alale nyumbani, na mwili ukikosekana, tunazika tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu. Linavikwa, linaliliwa, linazikwa na heshima zote, na huyo mtu anakuwa amerudi. Lakini yago huzikiwa aliyekufa. Mtoro ni mtu aliye hai. Ukoo ukakataa kumzikia yago mtu ambaye serikali inasema anatembea. Kwa hiyo Ochieng' hakuwa hai wala hakuwa maiti, na mama yake hakuruhusiwa hata kulia.

Mvua zilipokwisha, askari mmoja wa kikosi kile alishuka stesheni kwa likizo. Nilimpeleka kibandani. Alimaliza samaki, akanawa, akaangalia nyuma yake kabla ya kusema.

"Afande, Ochieng' hakutoroka. Tuliamriwa turudi nyuma. Njoroge akabaki chini, amepigwa kwa paja, anaita. Ochieng' akaruka kutoka kwa lori akaenda kumchukua. Tulimwona wote."

"Na mbona hamkusema?"

"Tulisema. Tukaambiwa amri ilikuwa ni kurudi nyuma, na mwenye kutoka mstarini bila amri ni mtoro. Tukaambiwa tufunge mdomo."

Nilienda moja kwa moja kwa Pasi. Nikamweleza, nikamkumbusha na siku ya uwanjani, kijana yule yule na mwenzake yule yule. Alinisikiliza akiwa anapunguza kucha.

"Sajini Owuor," alisema, "jeshi haliwezi kuendeshwa na watu wanaorudi nyuma kila mtu akiita. Ameandikwa alivyoandikwa."

Naandika maneno haya miaka mingi baadaye na kalamu inataka kutoboa karatasi. Tuliwaandikisha vijana wale kwa sababu ya moyo walio nao. Tuliupima kama tulivyopima kifua. Kisha siku mmoja wao alipoutumia, tukamwita mhalifu. Na tukaketi ofisini kushangaa kwa nini wengine hawaimbi.

Nilichukua baiskeli nikaenda Ahero. Nilimweleza Nyar Sondu yote, wazi, mbele ya mashemeji zake, wazee wa ukoo. Hakulia. Aliwageukia wale wazee, akasema, "Sasa mmesikia. Kateni yago." Mzee mmoja alisita, akasema neno la sajini si neno la serikali. Nyar Sondu akaniuliza kama nitakuja kwenye maziko nikiwa nimevaa nguo za kazi, ili watu waone. Nikasema nitakuja.

Nilikwenda na sare yangu yote, na Wafula akaja kutoka Obunga na medali zake za Burma juu ya koti lililotoboka viwiko. Yago lilivikwa shati la Ochieng' la shule. Walipolishusha, mimi na Wafula tulipiga saluti, na hapo ndipo mama yule aliponyoosha mikono juu na kulia, kilio ambacho kilikuwa kimefungiwa ndani tangu siku ya mafuriko. Pasi alipopata habari alinifanyia alichonifanyia. Niliahidi kutoandika habari za vyeo.

Vita vikaisha, muongo mwingine ukaanza. Pasi akapanda akawa meja. Wafula akafa, nikamsindikiza mpaka kwao. Siku moja mafundi waliokuwa wakichimba kisima huko kaskazini walionyeshwa na wachungaji mahali chini ya jabali palipokuwa na mifupa ya watu wawili. Mmoja alikuwa na mkanda wa jeshi umekazwa kwenye mfupa wa paja, na mkanda huo haukuwa wake. Nyuma ya bizimu la mkanda, kwa ncha ya kisu, palichorwa namba ya Ochieng'. Alikuwa amemvuta Njoroge mpaka kivulini, akamfunga jeraha kwa mkanda wake mwenyewe, akakaa naye.

Ghafla kila mtu mkubwa alimpenda Ochieng'. Ikaja amri ya bendera, tarumbeta, lori safi na kikosi cha heshima cha vijana niliokuwa nimewaandikisha mwezi ule ule, ambao buti zilikuwa bado zinawachubua. Meja Pasi mwenyewe angesoma hotuba. Nilimwomba aache magari barabarani tuende kwa miguu. Akasema shujaa hatembezwi kwa miguu.

Tulipofika, Nyar Sondu alikuwa ameketi chini, katikati ya mlango wa boma, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa amezeeka sana. Nyuma yake niliona kaburi la yago lililofyekwa vizuri, na kando yake lingine, bichi, ambalo wazee wa ukoo walikuwa wamekubali lichimbwe. Kwa hiyo aliitaka mifupa ya mwanawe. Lakini hakusogea.

Vijana walisimama na boksi la mifupa mabegani. Jua lilikuwa kali. Meja akanitazama ili nimwondoe mama. Nikatazama mbele, kama tulivyofundishwa kwenye gwaride.

Meja akafungua karatasi yake akaanza kusoma kwa Kiingereza, pale pale nje. Nyar Sondu akainua mkono. Na akasema kwa Kiswahili chake, ili wote tumfahamu.

"Bwana Mkubwa, mimi hapana jua hiyo. Wewe ndio ulituma watu kwangu, wakamwaga mahindi yangu. Sasa sema hapa, watu wasikie. Mtoto yangu alitoroka ama hakutoroka?"

"Mama, leo tumekuja kumheshimu—"

"Hiyo sijauliza."

"Kulikuwa na makosa katika taarifa za—"

"Nani alikosa?"

Majirani walikuwa wengi kuliko siku ya upekuzi, walewale waliompisha kisimani. Mmoja wa vijana waliobeba boksi alianza kulemewa, nikaingiza bega langu chini ya kona yake. Hatukulishusha.

"Hakutoroka," alisema Meja.

"Masikio yangu imezeeka."

"Hakutoroka! Alirudi kumchukua mwenzake. Mimi... ofisi yangu ilikosa."

Nyar Sondu alinyoosha mkono akainuliwa na mwanawe mdogo, yule aliyeacha shule, akapisha njia. Boksi likaingia.

Naweza kumalizia hapo, na ningependa. Lakini kulikuwa na kurudi. Lori liliondoka Ahero na vijana wangu nyuma, nami nikakaa nao badala ya kukaa mbele na dereva. Nilitarajia wataimba, kwa maana vijana hurudi maziko wakiimba ili kutoa uzito. Hawakuimba. Tulipita mashamba ya mpunga, tukapita watu waliotupungia mikono, na hakuna kati yetu aliyepunga.

Karibu na mjini, yule aliyelemewa na boksi alinisogelea.

"Afande, naweza uliza?"

"Uliza."

"Mama yangu ni mpole. Hata kuku akiibwa hapana uliza mtu. Mimi nikipotea huko, ni nani atakaa kwa mlango?"

Wenzake wote walinigeukia. Nikamwambia jina langu kamili na ofisi ninayokaa, ingawa alikuwa anavijua vyote viwili, akavirudia polepole mpaka lori likasimama.

Sasa ofisi ile mnakaa ninyi. Kijana yule bado yumo jeshini, na mama yake, yule mpole, anaishi nyuma ya soko la Sondu.